Namna ya kupata cheti cha ualimu wa skii za mteremkoni

Mtahini wa cheti cha kwanza cha ualimu wa skii hana haja ya kukuona ukishuka mteremko mweusi, ulio mkali kuliko yote, kama mshale. Atakupeleka kwenye mteremko wa wanaoanza, akwambie ukate kona kumi kwa mwendo wa mtu anayetembea, na hapo ndipo watelezaji hodari wengi wanapojikwaa. Kasi huficha makosa: mtu akienda mbio, nguvu ya kona yenyewe humshikilia hata kama uzito wake umekaa nyuma. Akienda polepole, hakuna kinachomshikilia ila mizani yake. Mwanafunzi wa siku ya kwanza naye huiga anachokiona, kwa hiyo mwalimu asiyeweza kufanya jambo rahisi kwa usafi humfundisha kosa bila kutamka neno. Anayejiandaa kwa cheti atumie nusu ya siku zake mlimani katika mwendo huo wa pole, na nusu iliyobaki ajifunze kuwaangalia wengine.

Anza na nchi, si na kozi

Hakuna cheti kimoja kinachofungua milango ya dunia nzima. Kila nchi yenye utamaduni wa skii ina chama chake, ngazi zake na sheria zake. Marekani kuna PSIA-AASI chenye ngazi tatu. Kanada kuna CSIA, kilichoanzishwa mwaka 1938, chenye ngazi nne. Uingereza kuna BASI, nacho kina ngazi nne. New Zealand kuna NZSIA na Australia kuna APSI. Austria mtu huanza na ngazi iitwayo Anwärter, akapanda hadi Landeslehrer, na juu kabisa kuna diploma ya serikali. Ufaransa ualimu wa skii ni taaluma inayolindwa na sheria: kuna diploma ya serikali, na shule ya ENSA iliyoko Chamonix ndiyo mhimili wa mafunzo yake.

Tofauti ya kisheria ni kubwa kuliko tofauti ya mafunzo. Marekani shule ya skii inaweza kumwajiri mtu asiye na cheti, ikamfundisha yenyewe kabla msimu haujachanganya, kisha akafanya mtihani wa ngazi ya kwanza akiwa kazini. Ila asifundishe kivyake kwa malipo: vituo vingi vya magharibi mwa nchi hiyo viko kwenye ardhi ya misitu ya taifa, na anayefundisha hapo bila kibali anavunja sheria. Ufaransa hali ni kinyume. Huanzi hata mafunzo kabla ya kufaulu jaribio la slalomu, yaani kushuka kwa kupinda kati ya vigingi, linalopimwa kwa saa, na huwezi kulipwa kwa kufundisha kama hujasajiliwa kama mwanagenzi, au huna diploma, au huna cheti cha nje kilichotambuliwa rasmi. Mtu anayechukua cheti cha siku chache kisha akatarajia kufanya kazi Alps za Ufaransa amelipia kitu kisichomfikisha anakokwenda.

Juu ya vyama vya nchi kuna shirikisho la kimataifa, ISIA. Lenyewe linaweka kiwango cha chini cha mafunzo, na mwalimu aliyekifikia hupewa muhuri wa ISIA na chama chake. Kwa BASI hiyo ni ngazi ya tatu. Muhuri huo husaidia sana unapohama nchi, lakini si kibali cha kazi, wala hauchukui nafasi ya viza.

Kalenda nayo ipangwe mapema. Kaskazini mwa dunia msimu ni kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. New Zealand, Australia, Chile na Argentina ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Anayetaka kupanda ngazi haraka hufanya misimu miwili kwa mwaka, mmoja kila upande wa ikweta. Wengine huchukua kozi ndefu ya wiki kumi au zaidi inayounganisha mazoezi na mitihani ya ngazi mbili za mwanzo. Njia hiyo ni ghali, lakini inamfaa mtu ambaye hakukulia karibu na theluji.

Kinachotakiwa kabla ya siku ya kwanza

Ngazi ya kwanza ni fupi. Ya CSIA ni siku 3 na ya BASI ni siku 5. BASI inataka uwe na umri wa miaka 16 au zaidi, na kabla cheti hakijakamilika iongezwe saa 35 za kushiriki kazi ndani ya shule ya skii, yaani kumfuata mwalimu mzoefu, kumsaidia, kisha kuendesha sehemu za somo ukiangaliwa. Vyama vingi pia vinadai cheti cha huduma ya kwanza, mafunzo ya kulinda watoto na uthibitisho kwamba huna rekodi ya jinai. Hati hizi huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mtu anaweza kufaulu mteremkoni akakaa miezi bila cheti kwa sababu ya karatasi moja ya polisi.

Kuhusu uwezo, idadi ya wiki ulizoteleza haisemi kitu. Jipime hivi kwenye mteremko wa buluu, usio mkali, uliolainishwa na mashine. Kata kona ishirini mfululizo skii zikiwa kabari, yaani ncha zimekaribiana na mikia imeachana, kona zote ziwe na ukubwa mmoja na mwendo mmoja. Teleza kwa ubavu mita 30 kushuka, skii zikiwa zimekingama, bila kusogea mbele wala nyuma. Kata kona za sambamba bila fimbo. Kata kona fupi ndani ya upana wa njia moja ya mashine. Jisukume kwa miguu kwenye tambarare bila kutumia fimbo. Telezea kinyumenyume kwa kabari, kwa sababu mwalimu wa watoto hushuka akiwa amewageukia. Ukikwama kwenye moja ya hayo, usijiandikishe bado. Siku za kozi zimejaa mambo ya kufundisha, na mkufunzi hana nafasi ya kukujengea msingi.

Buti ndizo zinazoamua

Ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu, nunua buti, skii ukodishe. Amri zote za mguu hupita kwenye buti kabla hazijafika kwenye ukingo wa chuma.

Kosa la kawaida ni kununua buti kubwa. Namba za buti za skii ni urefu wa mguu kwa sentimita: mguu wa sentimita 26.5 huvaa 26.5, wala si zaidi. Toa buti ya ndani iliyo laini, ingiza mguu kwenye ganda tupu mpaka vidole viguse mbele, kisha pima nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Ikiwa sentimita 1 hadi 2, buti inafaa. Anayefanya kazi ya ualimu akaribie 1. Ikizidi hapo, kisigino kitapanda kila unapoegemea mbele, nawe utakaza bizimu za buti zilizo juu ya unyayo ili ukizuie. Damu haipiti vizuri, vidole vinakufa ganzi kwa baridi, na mtu anadhani dawa yake ni soksi nene. Vaa soksi moja tu, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti, wala usiingize chochote kingine ndani ya buti. Ugumu wa buti huandikwa kwa namba; mwanamume wa uzito wa wastani anayefanya mitihani huwa kati ya 110 na 130, mwanamke chini kidogo. Buti ngumu kupita nguvu zako haikunji kifundo cha mguu, na kifundo kisipokunjika unalazimika kukunja nyonga: unakaa kitako.

Kwa skii, chagua zenye upana wa milimita 68 hadi 80 katikati na nusu kipenyo cha kona cha mita 14 hadi 18. Skii pana za theluji ya unga ni nzito kulaza ukingoni na hukuchelewesha kwenye kona fupi. Urefu uwe kati ya kidevu na paji la uso. Pembe ya ukingo ikae digrii 1 upande wa chini na digrii 2 upande wa ubavuni. Noa kabla ya mtihani, kisha pitisha jiwe laini kuondoa vinyuzi vya chuma vilivyobaki, maana ukingo wenye vinyuzi hunasa theluji katikati ya kabari na kukuangusha mbele ya mtahini.

Vishikizo vinavyoifunga buti kwenye skii vipimwe na fundi mwenye kifaa. Namba ya kuachia, yaani nguvu inayofanya kishikizo kiiachie buti, haipatikani kwa kukisia: kiwango cha ISO 11088 huipata kutokana na uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na aina ya mtelezaji. Ikiwa juu mno, skii haiachii unapoanguka, na goti ndilo linalolipa. Ikiwa chini mno, inachomoka katikati ya kona. Kabla ya kulaumu kipimo, tazama chini ya soli. Bonge la theluji lililoganda hapo huinua buti, ikashikwa nusu tu. Kwangua soli kila unapovaa skii, na umfundishe hivyo mwanafunzi wako saa ya kwanza.

Mambo matano yanayotazamwa

Kila chama kina msamiati wake, lakini kinachotazamwa kinafanana. PSIA imekipanga katika misingi mitano: kuweka uzito mahali panapofaa kwenye urefu wa skii, kati ya ncha na mkia, kuupeleka uzito kutoka skii moja hadi nyingine na kuulekeza kwenye skii ya nje ya kona, kuongeza na kupunguza pembe ya ukingo, kugeuza skii kwa miguu huku kiwiliwili kikitulia, na kudhibiti mgandamizo kati ya skii na theluji. Watahiniwa wengi wanaikariri hii. Wachache wanaweza kuionyesha yote ndani ya kona moja ya kabari.

Kabari yenyewe iwe hivi: ncha mbili zimekaribiana, ngumi moja hivi katikati, mikia imeachana, miguu imekunjika kidogo kwenye kifundo, goti na nyonga kwa uwiano, ugoko ukigusa ulimi wa buti bila kuulalia, mikono mbele kiasi cha kuonekana pembeni mwa macho. Ili kukata kona ya kulia, nyayo zote mbili zinageuka kulia na uzito unaelekea skii ya kushoto, ambayo ndiyo ya nje. Mwili usiinamie ndani ya kona. Ukiinamia ndani, skii ya nje inakosa mzigo, inateleza bila kung'ata theluji, na kona inageuka mchepuko mrefu. Mabega yasitangulie pia. Anayegeuka kwa mabega hupata kona moja nzuri, kisha anashindwa kuanza ya pili, kwa sababu kiwiliwili kimeshajisokota upande mmoja na lazima kijisokotoe kwanza.

Kuna kosa moja la watu wanaojua sana. Mtu aliyeteleza sambamba miaka mingi akiambiwa aonyeshe kabari kona nzima, skii yake ya ndani hujipanga sambamba yenyewe kabla ya wakati. Mguu umezoea. Mtahini anaandika kwamba hawezi kushikilia umbo. Dawa yake ni kupunguza mwendo hadi karibu kusimama, kupunguza upana wa kabari na kulaza kingo zote mbili kidogo sana, maana kabari pana yenye kingo kali hufunga breki badala ya kuteleza. Rudia mpaka ichoshe.

Hatua ya kati, kona inayoanza kwa kabari na kumalizika sambamba, nayo hutahiniwa. Fikiria mstari ambao maji yangefuata yakimwagwa mteremkoni. Ukishaupita mstari huo, mguu wa ndani unageuzwa mpaka ulingane na wa nje. Mwanafunzi anavyoendelea, kulingana huko kunatokea mapema zaidi na zaidi, mpaka kabari inatoweka. Kinachoitoa kabari ni mwendo ulioongezeka kidogo kwenye mteremko usiotisha, pamoja na mguu wa ndani unaogeuka. Amri ya "funga miguu" haisaidii kitu: mwanafunzi ataburuta skii ya ndani na kuanguka juu yake.

Kona fupi ndizo zinazowaangusha wengi kwenye ngazi ya pili. Wanasukuma visigino kushoto na kulia kama wanapangusa kioo cha gari, mwendo unazidi, na chini kabisa wanasimama kwa kukwaruza. Kona fupi bado ni kona: ina mwanzo, katikati na mwisho, na mwisho ndio unaopunguza mwendo. Zoezi linalorekebisha ni kushuka kwa ubavu ndani ya njia nyembamba, kisha kugeuza skii zikabili upande wa pili bila kuacha njia hiyo na bila kung'ata ukingo, kifua kikitazama chini muda wote. Ni gumu, na mtu akifanya kwa haki huona mara moja kama anageuza kwa miguu au kwa mabega. Lingine ni kushuka mteremko mwepesi sana bizimu za buti zikiwa wazi. Buti haikubebi tena, kwa hiyo uzito ukienda nyuma unajulikana papo hapo.

Somo la mtu ambaye hajawahi kuvaa skii

Utaulizwa hili kwenye kila mtihani wa ngazi ya kwanza, kwa maneno au kwa vitendo. Mahali panatangulia mbinu. Tafuta mteremko mdogo unaoishia kwenye tambarare ndefu, au unaopanda tena kidogo, ili mwanafunzi asimame mwenyewe bila kujua kufunga breki. Ukimfundisha mahali pasipo na mwisho salama, hofu itamkalisha nyuma, na siku nzima utapambana na hofu badala ya mguu.

Anza na buti tupu: atembee, akunje kifundo, apande kilima kidogo kwa ubavu. Kisha skii moja, ajisukume kama mtoto kwenye skuta, azunguke kulia na kushoto, abadilishe mguu. Halafu skii mbili kwenye tambarare. Baada ya hapo apande kwa ubavu hatua chache na kuteleza moja kwa moja mita 10 hadi 15 mpaka asimame peke yake. Rudia mpaka mabega yashuke na apumue. Sasa aonje kabari akiwa anateleza: afungue mikia kidogo, afunge, afungue tena.

Walimu wapya hukimbilia breki. Wanamwambia mtu akanyage, asukume visigino, afungue zaidi. Mwanafunzi anajifunza miguu iliyokakamaa na kitako kilichoenda nyuma, na skii zikishang'ata theluji pande zote mbili hazigeuki tena. Afadhali umpe breki ya kumtosha kusimama mahali pale pepesi, halafu umwingize mapema kwenye kona, na umwonyeshe kwamba kona ikikamilishwa mpaka skii zikingame mteremko, mwendo unapungua wenyewe. Aliyejifunza hivyo hushuka mteremko mkali zaidi kwa kukamilisha kona zaidi. Aliyejifunza breki tupu hufika mahali ambapo miguu haina nguvu tena ya kusukuma, na hapo ndipo anaposhindwa kabisa kuudhibiti mwendo wake.

Kuanguka kufundishwe mapema. Kuinuka ni rahisi skii zikiwa chini ya mwili upande wa bondeni, zimekingama mteremko. Mwanafunzi asijaribu kusimama angali anateleza: mtu aliyeanguka kinyumenyume anayejikaza kuinuka akiwa kwenye mwendo ndiye anayekata kano ya goti, ile ile inayowamaliza wachezaji wa mpira.

Kuliendesha kundi

Kwenye mtihani utapewa mada na dakika kama 15 au 20. Wengi hutumia nusu yake kueleza. Sema jambo moja, lionyeshe, wafanye, uwaambie ulichokiona, wafanye tena. Wanafunzi wanane wakishuka mmoja mmoja, dakika moja kila mmoja, kila mtu anateleza dakika moja na kusimama saba kwenye baridi. Washushe wawili wawili, au wafuatane kwa mstari nyuma yako, au kila mtu afanye zoezi kwa nafasi yake mpaka alama uliyoiweka.

Simama chini ya kundi ukitazama juu, ili uwaone wao na uone wanaoshuka kuelekea kwao. Wanafunzi walipe kisogo jua na upepo. Jua likipiga machoni, likuumize wewe. Msisimame kwenye njia nyembamba wala nyuma ya kilima ambapo mtelezaji mwingine hawezi kuwaona. Kila anayefika asimame chini ya waliotangulia, asiwe juu yao, maana asiyejua kusimama atawakumba wote.

Kuchambua mwendo wa mtu ni stadi peke yake, na ndiyo inayotenganisha ngazi. Nenda kwa mpangilio: kwanza skii zinafanya nini kwenye theluji, halafu mwili unafanya nini, halafu kipi kinasababisha kipi, mwisho zoezi moja. Chukua mfano wa mtu ambaye mikia yake inaponyoka mwisho wa kila kona. Mwilini unaona bega la nje limetangulia na nyonga imezunguka. Chanzo chake kiko juu zaidi: mwanzoni mwa kona uzito uko nyuma, skii haigeuki kwa mguu, kwa hiyo anaizungusha kwa bega. Ukimwambia "tuliza bega" umegusa dalili. Mwambie akate mteremko kwa upana huku akiinua mkia wa skii ya juu, ncha ikibaki kwenye theluji. Hawezi kufanya hivyo akiwa amekaa nyuma. Kisha aanze kona kutoka hapo. Mtahini anataka kusikia mnyororo huo, na anataka usahihisho mmoja tu. Ukimpa mwanafunzi masahihisho manne, hatafanya hata moja.

Watoto wadogo wana kichwa kikubwa na misuli midogo, kwa hiyo kuegemea nyuma kwao ni njia ya kusawazisha mwili. Usimpiganie mtoto wa miaka minne akae kama mtu mzima. Punguza maneno, mpe umbo la kuiga na mahali pa kufika: ncha za skii ziwe kama kipande cha piza, twende mpaka kwenye kigingi kile. Kwenye lifti ya viti mtoto asikae peke yake. Panga kila mmoja awe kando ya mtu mzima kabla hamjaingia kwenye foleni, kiti kishushiwe kizuizi mara mnapokaa, na ncha za skii ziinuliwe mnapofika juu. Mhudumu wa lifti ukimwomba apunguze mwendo, atapunguza. Omba kabla kiti hakijafika.

Usalama unaoulizwa

Jifunze kanuni kumi za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, za mwenendo mteremkoni kwa maana yake. Iliyo muhimu kuliko zote: aliye chini ana haki ya njia, na anayetoka juu ndiye anayewajibika kumkwepa. Jua pia rangi za miteremko. Ulaya ni buluu, nyekundu na nyeusi, na baadhi ya nchi zina kijani pia. Marekani na Kanada ni duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi moja au mbili. Rangi hupimwa ndani ya kituo chenyewe, kwa hiyo buluu ya kituo kimoja yaweza kuwa kali kuliko buluu ya kingine. Upite mteremko peke yako kabla hujapeleka kundi.

Mtu akiumia, simamisha kundi mahali salama, chomeka skii mbili kwa umbo la msalaba mita kadhaa juu ya majeruhi, na upigie simu kikosi cha doria ukitaja jina la mteremko na kigingi kilicho karibu. Usimvue buti anayeumwa mguu. Jua nalo lihesabiwe kama hatari ya kazi: theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000 unazopanda. Paka dawa chini ya kidevu na ndani ya pua, ambako mionzi hupigia kutoka chini.

Ngazi za juu na saa za mashindano

BASI ngazi ya pili ni kozi ya siku 10 pamoja na saa 70 za shule ya skii. Hapo theluji isiyolainishwa na matuta vinaanza kuhesabiwa. Juu zaidi Ulaya kuna mlango mwembamba: jaribio la slalomu kubwa linaloitwa Eurotest. Muda wako hupimwa dhidi ya muda wa msingi uliosawazishwa kutokana na wafungua njia, yaani watelezaji wanaotangulia kushuka ili kuweka kipimo. Mwanamume asizidi asilimia 18 juu yake, mwanamke asilimia 24. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/907 imeliingiza jaribio hili, pamoja na jaribio la usalama wa mlimani, kwenye utaratibu wa kutambuana vyeti kati ya nchi wanachama. Hakuna anayefaulu Eurotest kwa kuteleza vizuri tu. Inahitaji mazoezi ya kupita kati ya vigingi vya slalomu chini ya kocha wa mashindano, skii za mashindano na misimu kadhaa kwa wengi ambao hawakukulia kwenye klabu.

Jaribio la usalama linahusu maeneo yasiyo na njia: kusoma ramani, hali ya hewa na tabaka za theluji, na kumtafuta aliyefukiwa na maporomoko kwa kifaa cha redio cha masafa ya 457 kHz, fito ndefu ya kuchomea na koleo. Fanya zoezi hilo na glavu mkononi, kwenye mteremko, huku umechoka. Kuchimba huchukua muda mrefu kuliko kutafuta, na watahiniwa wengi hawajawahi kuchimba theluji iliyoshindiliwa.

Unapofeli sehemu moja, uliza ni ipi. Vyama vingi hutenga kuteleza na kufundisha, na ulichofaulu hukirudii. Andika maneno ya mtahini siku ile ile, kwa lugha yake mwenyewe, umpelekee mkufunzi wa shule yako kabla msimu haujaisha.

Ukishapata cheti, weka daftari la saa za kazi, nazo zisainiwe na mkuu wa shule kila wiki. Mwisho wa msimu watu husambaa, na saini haipatikani tena. Lipa ada ya uanachama kila mwaka na uhudhurie mafunzo ya kujiendeleza kwa muda ambao chama chako kimeweka. Hakikisha bima ya dhima inakuhusu katika nchi unayofundishia na kwa aina ya theluji unayofundishia, kwa sababu bima nyingi za mteremko uliolainishwa huishia penye kamba ya mpaka wake.